Kuomba Nafasi Si Kuomba Sadaka

Wahenga wetu wametuachia neno hili: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lilikuwa neno la kweli katika mji mdogo ambao watu wake wote wajuana. Seremala aliyechonga mlango mwema hakuhitaji kuusifu. Mlango wenyewe ulisimama njiani ukimsifia, na kila apitaye aliuliza, hii ni kazi ya nani? Mshoni wa kofia, fundi wa majahazi, mwalimu wa chuo, wote walijulikana kwa kazi zao kabla ya kujulikana kwa maneno yao. Aliyepita mtaa kwa mtaa akijisifu alishukiwa, na aghalabu shuku ile haikukosea.

Lakini leo wako vijana wetu, wake kwa waume, waliomaliza masomo ya sheria, ambao hawana budi kujitembeza. Hubisha mlango wa ofisi hii ya mawakili na ile, huandika barua kumi, ishirini, thelathini, wakiomba wapokewe kuwa wanagenzi. Wengi wao hawajibiwi. Basi suala tulitakalo kulitazama ni hili: je, kujitembeza namna hii ni aibu? Na kama si aibu, ni mpaka gani ambao mwombaji hana ruhusa ya kuuvuka? Na wale wenye milango, wana deni gani kwa yule abishaye?

Ili tupate kuhukumu kwa uadilifu, tusimtwae mtoto wa jirani yetu kuwa mfano, kwani macho ya mapenzi hayaoni sawasawa. Tumtwae binti wa Asumbi. Asumbi ni mahali katika kaunti ya Homa Bay, bara ya Nyanza, si mbali na mipaka ya Kisii na Migori. Ni mahali palipojengwa na misheni ya Kikatoliki, penye shule ya upili ya wasichana na chuo cha kufundishia walimu, na vyote viwili vina sifa. Hatukuchagua Kendu Bay, iliyoko katika kaunti iyo hiyo, ambako kuna misikiti na ndugu zetu katika dini kwa vizazi kadhaa. Tumechagua Asumbi makusudi, kwa sababu binti huyu si wa kabila letu, si wa dini yetu, na hana mjomba Mombasa. Tukijua haki yake juu yetu, tutaijua na haki yetu juu ya watu wengine.

Tumfanye binti huyu amesoma vyema, akapata shahada ya sheria katika chuo kikuu. Shahada ile peke yake haimfanyi wakili. Kwa kanuni za Kenya hapana budi aingie Chuo cha Sheria cha Kenya, Nairobi, afunzwe kazi yenyewe: namna ya kuendesha madai na mashtaka, kuandika hati, kuhamisha milki ya ardhi, kugawanya mirathi mbele ya mahakama, na adabu za uwakili. Kisha hufanya mtihani wa karatasi 9 unaosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Tena humpasa akae miezi 6 chini ya wakili aliyekwisha kufanya kazi miaka isiyopungua 5, akitazama na kutenda chini ya mkono wake. Ni baada ya hayo yote ndipo aombapo kwa Jaji Mkuu akubaliwe, ale kiapo, na jina lake liandikwe katika daftari la mawakili.

Ione basi shida ilivyo. Karo ataitafuta, na mtihani ataukesha. Lakini ile miezi 6 haimo mikononi mwake: imo mikononi mwa mtu mwingine, ambaye aweza kusema ndiyo, au la, au asiseme neno. Mtu aweza kusoma miaka mingi kisha akasimama mlangoni kwa ajili ya miezi 6. Na milango yenyewe haiko Asumbi. Iko michache mjini Homa Bay karibu na mahakama, na mingine Migori, Kisii na Kisumu. Lakini iliyo mingi iko Nairobi, na baadhi yake Mombasa kwetu. Kijana wa Lamu, wa Faza au wa Vanga aliyesoma sheria yuko katika hali iyo hiyo. Wa Asumbi na wa Faza hawajuani, lakini barua zao huenda zikalala katika meza moja, moja juu ya nyingine.

Shida hii si ya jana. Katika zama za ukoloni serikali haikupenda kuwasomesha Waafrika sheria, kwani ilijua kwamba mwenye kujua sheria hujua pia kuuliza maswali. Ofisi za mawakili zilikuwa karibu zote mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Chiedo Moa Gem Argwings-Kodhek, mtu wa Nyanza, ndiye ahesabiwaye kuwa wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya. Alisoma Uingereza, akarejea mwaka 1952. Serikali ilimpa kazi kwa mshahara ulio mdogo kuliko wa Mzungu wa cheo kile kile, naye akaikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe, na akawatetea watu walioshtakiwa kwa mambo ya Mau Mau. Mwaka 1961 kamati ya Bwana Denning wa Uingereza ilitoa shauri kwamba Waafrika wafunzwe sheria katika nchi zao. Mwaka huo huo masomo ya sheria yakaanza Dar es Salaam, na mwaka 1963 Chuo cha Sheria cha Kenya kikaasisiwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuatia kwa kufungua kitivo chake cha sheria mwaka 1970. Leo vyuo vikuu vinavyofundisha sheria Kenya vimepita kumi. Mlango wa kusoma umepanuliwa sana, lakini mlango wa kupokewa kazini haukupanuka kwa kadiri ile, na ndipo msongamano ulipotokea.

Turudi kwa suala letu la kwanza. Je, ni aibu kujitembeza? Twasema si aibu. Methali ile yategemea sharti moja ambalo wahenga hawakulitaja kwa kuwa kwao lilikuwa wazi: kwamba mnunuzi akipita atakiona kile chema. Sharti hili likikosekana, methali haina kazi. Ni nani wa Mombasa au Nairobi apitaye Asumbi akauona wema wa binti yule? Lulu iliyo chini ya bahari ni lulu, lakini haijiuzi. Na Nabii Yusuf, alipotoka gerezani, alimwambia mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili, uangalifu wake na ujuzi wake. Hakusema zaidi ya yale aliyokuwa nayo, na njaa ya miaka 7 iliyofuata ikayathibitisha. Mtu akijua kwamba anafaa, na akasema kwamba anafaa, na ikawa kweli, hakujisifu bali ametoa habari. Kuomba nafasi ya kazi si kuomba sadaka. Aombaye sadaka hutaka apewe. Aombaye kazi hutaka atoe jasho lake, naye amekuja na kitu mkononi.

Suala la pili ni mpaka. Iko methali nyingine: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ainame. Avae vyema, aandike kwa adabu, asubiri nje ya ofisi saa mbili bila ya kununa, akubali kupeleka faili mahakamani na kupanga vitabu. Yote haya ni kuinama kwa mgongo, na mgongo huinuka tena. Lakini kuna kuinama kusikoinukika, nako ni kuinamisha ukweli. Mwombaji husikia kwamba wenzake mia wameomba, moyo wake humwambia aongeze kidogo: aandike kwamba amefanya kazi mahali ambapo alipita siku tatu tu, au daraja alilopata alipandishe, au barua ya mwalimu aitunge mwenyewe. Husema, kila mtu hufanya hivi.

Na kwa kweli wako wengi wafanyao. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba uchunguzi katika idara za serikali umevumbua vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000. Na Oktoba mwaka 2023 Chama cha Mawakili kilitangaza habari ya mtu aliyetuhumiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la mwingine. Jambo la kusikitisha si tuhuma ile peke yake, kwani tuhuma ina mahakama yake. La kusikitisha zaidi ni kwamba watu wengi walicheka na kumshangilia, wakisema ni hodari. Tumefika pahala ambapo werevu wa kudanganya wahesabiwa kuwa ni elimu.

Yafaa mwombaji wa sheria ajiulize kazi anayoiomba ni kazi gani. Wakili huaminiwa hati ya nyumba ya mjane, fedha za yatima, siri ya mtu aliye gerezani. Hakimu huyapokea maneno yake kwa sababu ameapa. Basi mtu aingiaye katika kazi ya ukweli kwa mlango wa uwongo amekwisha kuivunja kazi yenyewe kabla hajaanza. Ni kama mtu aliyeiba msahafu ili apate kusoma. Binti wa Asumbi akikosa nafasi kwa sababu barua yake ilikuwa ya kweli, amekosa miezi 6. Akiipata kwa barua ya uwongo, atakaa na hofu muda wote daraja lile liwepo katika faili, na huo ni muda wa maisha yake.

Suala la tatu ndilo zito kwetu sisi watu wa mji: kujuana. Mzee mmoja amjua wakili, wakili alisoma na mtoto wa mzee, simu hupigwa, na kijana ambaye barua yake ilikuwa chini huwekwa juu. Je, hili lafaa? Hapa hatuna budi kupambanua, kwani watu wamechanganya mambo mawili.

Imesimuliwa katika habari za Imamu Shafi kwamba alipokuwa kijana alitamani kusoma kwa Imamu Malik huko Madina. Alikihifadhi kwanza kitabu cha Malik, Al-Muwatta, kisha akapata barua kwa liwali wa Makka kumwendea liwali wa Madina, ili amwombee kwa Malik. Liwali wa Madina mwenyewe aliona uzito kwenda kwenye mlango wa mwanachuoni yule. Walipofika, Malik akaisoma barua, akafika pale penye maombezi, akaitupa, akistaajabu kuona elimu ya Mtume imekuwa ya kutafutwa kwa barua za wakubwa. Ndipo kijana akasogea, akasema mwenyewe habari zake na hamu yake. Malik akamtazama, akamkubali.

Kisa hiki chatufunza mambo mawili. La kwanza, kijana hakuenda na barua peke yake. Alikwenda na kitabu kizima kifuani. Barua ilipotupwa, yeye hakutupika. La pili, mwenye mlango aliikataa amri iliyovaa nguo ya ombi, lakini hakukataa kumsikiliza mtu. Basi twasema kwamba maombezi ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ushahidi: mwalimu au mzee husema, namjua huyu, nimemwona akifanya kazi, ni mwaminifu, hupanga mambo yake vizuri, udhaifu wake ni huu. Ushahidi huu ni halali, na ni wajibu kwa ajuaye, kwa kuwa humpa mwenye ofisi habari ambayo hakuwa nayo. Namna ya pili ni shinikizo: mtu husema, mchukue huyu kwa ajili yangu, na wewe wajua ninavyoweza kukufaa. Hapo hapana habari yoyote. Pana deni tu, na mwenye kulilipa ni yule asiyekuwapo, ambaye barua yake imeshushwa chini. Na pale ambapo simu haitoshi, husemwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Nayo hiyo ni rushwa, haihitaji maelezo.

Kipimo chake ni chepesi. Kabla hujamwandikia mtu barua, jiulize: ningeitwa mahakamani nikaapishwa, ningeyasema maneno haya haya? Na wangekuwapo wale waombaji wengine wakisikiliza, ningeona haya? Kama jawabu la kwanza ni ndiyo na la pili ni la, andika. Kama sivyo, iache kalamu.

Hapa twajua kwamba wako watakaotupinga. Watasema: nyinyi mwataka tuwatendee haki watu wa bara, na wao wametutendeaje? Kwa miaka mingi tumelalamika kwamba nafasi za bandarini na za ofisi za serikali katika pwani humwendea mtu kwa jina la ukoo wake, na vijana wetu waliozaliwa mbele ya bandari hutazama meli tu. Malalamiko haya yana haki ndani yake, wala hatuyadharau. Lakini tuangalie ni kitu gani hasa tunachokilalamikia. Kama twalalamika kwamba ni wao walao na si sisi, basi hatuna hoja ya haki, tuna njaa tu. Kama twalalamika kwamba mtu asipimwe kwa jina bali kwa kufaa kwake, basi hoja yetu ni ya haki, na haki hiyo yamfunika binti wa Asumbi kama imfunikavyo kijana wa Faza. Haiwezekani mtu kuishika hoja hii mbele ya serikali asubuhi, kisha jioni aiweke chini akimpigia wakili simu kwa ajili ya mpwa wake.

Wala sheria ya nchi haikulisahau jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 232, yataka watu waajiriwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa kustahiki, pamoja na kuhakikisha kwamba jamii zote, wanaume na wanawake, na wenye ulemavu, wapata fursa. Na sheria ya utangamano ya mwaka 2008 yakataza idara ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya watumishi wake wa kabila moja. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyenyimwa haki katika idara ya umma ana njia ya kuidai waziwazi. Kudai waziwazi ni haki. Kuchukua kwa siri katika ofisi ndogo ili kufidia kilichochukuliwa katika ofisi kubwa si haki, maana anayelipishwa siye aliyechukua.

Suala la nne ni deni la mwenye mlango. Mafundi wetu wa zamani walijua adabu ya mwanagenzi. Fundi hakuwa na lazima ya kumpokea kila aliyekuja, lakini aliyempokea alimlisha, na alimfunza kweli, hakumfanya mchota maji miaka yote. Leo ofisi nyingi huwapa wanagenzi posho ndogo, na nyingine haziwapi kitu. Mwenye ofisi husema: mimi ndiye nimfunzaye, kwa nini nimlipe? Lakini na afikiri ni nani awezaye kukaa Mombasa au Nairobi miezi 6 bila ya kipato, akilipa chumba, nauli na chakula. Ni mtoto wa tajiri tu. Mtoto wa mkulima wa Asumbi na mtoto wa mvuvi wa Vanga wamekwisha kukataliwa kabla barua zao hazijafunguliwa, na hakuna aliyesema la. Nauli na chakula cha mchana si ukarimu. Ndiyo sharti la kwanza la ushindani kuwa wa haki.

Na deni la pili ni jawabu. Salamu hujibiwa, na barua ni salamu ya mbali. Mistari miwili yatosha: tumepata barua yako, nafasi zimekwisha, twakutakia heri. Mwenye kungoja jawabu lisilokuja hashindwi mara moja. Hushindwa kila asubuhi.

Twamalizia na yule aliyekataliwa, kwani wao ndio wengi. Ewe kijana, fanya hesabu hii. Ofisi ina viti 2, walioomba ni 60. Hata wangalikuwa wote 60 ni hodari kushinda walimu wao, 58 wangalirudi. Basi kukataliwa kwako kumeonyesha idadi ya viti, hakukupima kimo chako. Vivyo hivyo aliyepata kiti asivimbe kichwa, na aliyekosa asimhusudu mwenzake. Wala asidhani kwamba kila aliyetangulia ametangulizwa. Lakini hesabu hii isiwe mto wa kulalia. Mpe mtu mwenye ujuzi aisome barua yako, akuonyeshe makosa yake. Usiandike barua moja ukaipeleka pahala thelathini. Ijue kazi ya kila ofisi, kama ni ya ardhi, au ya meli na bandari, au ya jinai, na useme kwa nini waitaka hiyo. Anza kuomba mapema, kabla masomo hayajakwisha. Usizidharau ofisi ndogo za Homa Bay, Migori, Malindi au Lamu, kwani katika ofisi ndogo mwanagenzi huonana na mteja uso kwa uso, na katika ofisi kubwa huenda akaonana na faili tu. Zijue pia ofisi za Mwanasheria Mkuu na za mashtaka ya umma, na zile jumuiya zinazowasaidia maskini katika mambo ya sheria, kama Kituo cha Sheria kilichoasisiwa mwaka 1973, maadamu yupo hapo wakili aliyetimiza masharti. Na wakati ungojapo, nenda mahakamani ukakae na kusikiliza. Milango ile iko wazi kwa watu wote, haiulizi barua.

Kila mmoja wetu ataulizwa juu ya kilicho mkononi mwake. Mwombaji hataulizwa kwa nini hakuchaguliwa, kwa maana kuchagua hakukuwa kwake. Ataulizwa juu ya ukweli wa barua yake na bidii yake. Mzee ataulizwa juu ya simu aliyoipiga. Na wakili ataulizwa juu ya ile barua iliyotoka Asumbi, kama aliifungua.